Nilivyochagua kicheza muziki kinachoelewana na Linux

Sharti langu lilikuwa moja: nichomeke kebo, niburute folda ya nyimbo, nichomoe, nisikilize. Programu ya mtengenezaji sikuitaka, kwa sababu nyingi huandikwa kwa ajili ya Windows na Mac tu, na laptopu yangu inatumia Debian, moja ya matoleo ya mfumo endeshi wa Linux. Simu ninayo, lakini chaji yake naihitaji kwa mambo mengine, halafu sipendi ujumbe uniingilie katikati ya wimbo.

Matangazo ya vifaa hivi yamejaa gigabaiti, ukubwa wa skrini na sifa za sauti. Swali ambalo mtu wa Linux anatakiwa aanze nalo halimo: ukikichomeka, kifaa kinajitambulisha vipi kwa kompyuta? Kuna vinavyojitambulisha kama diski ya USB, sawasawa na flashi. Hivyo havina tatizo, Linux imevizoea siku nyingi na hakuna cha kusakinisha. Kuna vingine hutumia MTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) iliyotoka Microsoft. Humo kompyuta haigusi diski yenyewe, inakiomba kifaa tu: nipe orodha, pokea hili, futa lile. Linux inaiweza MTP kupitia maktaba ya programu iitwayo libmtp, na GNOME na KDE, yaani mazingira ya skrini yanayotumiwa sana kwenye Linux, zote hufungua vifaa vya aina hiyo. Lakini nimeshaona nyimbo zikikatika katikati ya kunakiliwa, na folda kubwa ikichelewa kufunguka mpaka ukaanza kuishuku kebo. Nikaamua: kiwe diski, la sivyo sinunui.

iPod za mkono wa pili, ambazo bado zinazunguka ingawa Apple iliacha kuzitengeneza mwaka 2022, ni habari ya peke yake. Diski yake inaonekana vizuri tu, ila ukitupia MP3 ndani haichezi, kwa kuwa kifaa hucheza tu nyimbo zilizoandikwa kwenye hifadhidata yake. Ipo maktaba ya programu, libgpod, inayojua kuiandika hiyo hifadhidata. Mwaka 2007 Apple waliongeza alama ya uhakiki, na wanaprogramu wa huria wakalazimika kuifumbua kabla modeli mpya hazijakubali nyimbo kutoka Linux. Mchezo wa paka na panya wa namna hiyo mimi sina muda nao.

Basi kila kifaa nilichofikiria kukinunua, niliomba kwanza nikichomeke kwenye laptopu yangu. Nafungua terminali, naandika `sudo dmesg -w`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux) papo hapo, kisha ndiyo nachomeka. Kikiwa diski, mistari inashuka: kwanza jina la kifaa, halafu "USB Mass Storage device detected", na mwishoni jina ambalo Linux imeipa diski hiyo, "sdb" au lenye herufi nyingine ya mwisho. Kikiwa MTP, jina linatokea, kisha kimya. Kimya hicho hakimaanishi kifaa hakifai. Ingia kwenye mipangilio yake utafute hali ya USB, kwani baadhi vina chaguo la MTP na jingine linaloitwa MSC, ambalo ndilo diski. Kimoja kilichonivutia kwa umbo hakikuwa na chaguo hilo popote, nikakirudisha kwa mwenyewe.

Folda ya majaribio nilikuwa nayo tayari, yenye miundo tofauti ya faili za sauti: FLAC moja, Ogg Vorbis moja, Opus moja, na MP3 yenye jina la msanii kwa herufi za Kiarabu. Maneno ya kwenye boksi usiyaamini sana kwa upande wa Ogg. FLAC siku hizi wanaiandika kwa fahari, Ogg inasahauliwa, na Opus ndiyo kabisa. Ile MP3 ya Kiarabu ilifichua mengi kuliko nilivyotarajia, kwani kwenye baadhi ya vifaa jina liligeuka kuwa alama za kuuliza.

Kilichoamua mwishowe ni Rockbox. Huu ni mfumo huria unaochukua nafasi ya programu iliyokuja ndani ya kicheza muziki. Ulianza mwaka 2001 kwa vifaa vya Archos na umeenea kwa vingine vingi. Nikachagua modeli iliyomo kwenye orodha yao, nikijua kwamba mtengenezaji akishaisahau, wapo wengine watakaoishughulikia. Kuusakinisha kuna programu yao ya msaada inayofanya kazi kwenye Linux. Folda ya `.rockbox` inakaa kwenye diski ya kifaa, na mfumo wa awali kwangu umebaki pale pale nikiuhitaji. Opus iliyokuwa inakataliwa ikaanza kucheza, na albamu za tamasha zikaacha kukatika kati ya wimbo na wimbo.

Kadi ya kumbukumbu nayo iangalie. Zinazozidi gigabaiti 32 kwa kawaida huja na exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski. Kwa Linux si shida tena, kerneli imeisoma yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019, lakini vicheza muziki vingi bado vinataka FAT32, mfumo wa zamani zaidi. Yangu niliifomati upya kwa `mkfs.vfat -F 32`. Kikomo cha FAT32 cha gigabaiti 4 kwa faili hakimgusi msikilizaji wa nyimbo.

Kunakili natumia rsync, programu inayonakili faili zilizobadilika tu: `rsync -rt --modify-window=1`. Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu FAT huhesabu saa ya faili kwa hatua za sekunde 2, na bila hiyo rsync inaweza kudhani nyimbo zimebadilika na kuzinakili upya. FAT pia haikubali alama ya kuuliza wala nukta mbili kwenye jina la faili, kwa hiyo nyimbo zenye majina ya maswali nilizibadilisha kwanza. Na usichomoe kebo eti kwa sababu mstari wa kunakili umejaa: data nyingine bado iko kwenye RAM. Bonyeza kitufe cha kuondoa diski, subiri ikuruhusu, ndipo uchomoe.