Kichupa cha dozi tano: nilivyompatia mama chanjo nyumbani

Kila niliyemuuliza mama atapataje chanjo alinijibu, "Mpakie kwenye bajaji umpeleke." Hao hawajawahi kumkalisha mgonjwa wa demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwenye benchi la zahanati. Mama akizungukwa na sura ngeni anadai arudishwe kwao, anang'ang'ania mlango, presha inapanda.

Chanjo ya Uviko ilipoanza kutolewa Tanzania, Julai 2021, iliyotangulia ilikuwa Janssen, ya dozi moja. Niliomba nesi aje nyumbani, nikaambiwa haiwezekani. Sababu niliipata kwa nesi mmoja pembeni: kichupa kina dozi 5, na kikishatobolewa, hata kikikaa kwenye ubaridi, baada ya saa 6 kilichobaki kinatupwa. Nani atakifungua kwa bibi mmoja, kisha aandike kwenye ripoti kwamba dozi 4 zimepotea? Basi kazi yangu ikawa kutafuta mabega mengine manne.

Nilimfuata mjumbe, maana ndiye anayejua nyumba gani ina mtu wa kitandani. Tukampata mzee aliyepooza, bibi wa miguu iliyovimba, na mtu na mkewe wasiotoka nje. Nikakusanya majina, namba za NIDA na ridhaa za familia, orodha nikamkabidhi mganga mfawidhi mwenyewe. Akakubali siku hiyohiyo. Nauli ya nesi na boksi lake la barafu nililipa mimi, elfu kumi na kitu. Panga nyumba zilizo karibu karibu, na mgonjwa mgumu awe wa kwanza: akikataa, mnazunguka kwa wengine na kumrudia kichupa kikiwa bado kinafaa.

Mama sikumwambia mapema. Angesahau habari ya chanjo akabaki na hofu isiyo na jina, na siku nzima ingeharibika. Tulichagua asubuhi baada ya chai, kwa sababu magharibi wagonjwa hawa huchafukwa zaidi. Nesi alijifunga kanga juu ya sare, akabisha hodi, "Shikamoo bibi," akakaa kushoto kwake kama mgeni wa kawaida. Mama alikuwa na dera la mkono mpana unaopanda mpaka begani. Mkono wa kulia nilimshikisha kikombe cha uji vuguvugu, wa kushoto ukalala pajani umelegea; msuli ukikazwa, sindano inauma zaidi. Nikamuuliza habari za shamba lake la mihogo. Alipochomwa alisema, "Siafu huyo!" akaendelea na uji wake.

Nesi asiondoke kabla ya dakika 15. Homa ikija usiku, paracetamol inatosha. Watakaokushauri umpe Piriton alale usiwasikilize kabisa, dawa hiyo huwazidishia wazee kuchanganyikiwa. Na akichanganyikiwa ghafla kuliko ilivyo kawaida yake, usikubali kuambiwa ni uzee. Peleka mkojo wake ukapimwe, maana UTI kwa wazee huweza kujitokeza hivyo bila hata homa.

Nesi yuleyule sasa huja kumpima presha na sukari, namlipa elfu ishirini au thelathini. Ndiye aliyetuzuia kusaga vidonge vyote kwenye uji. Vya presha vinavyoyeyuka taratibu havisagwi: dawa ya siku nzima huingia kwa mkupuo na presha ikaporomoka. Mgonjwa akishindwa kumeza, mwambie daktari abadilishe aina.