Mi naona unasifu, yaya anaona unaponda

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kuna ubishi mmoja unaendelea kati yangu na yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, unatufuata mpaka kwenye bukari (ugali wetu), na kila mtu nyumbani ameshachoka isipokuwa sisi wawili. Ni juu ya uchambuzi wa zamani wa Kifaransa kuhusu iPod classic, kile chombo cha Apple cha kuchezea muziki, ile ya gigabaiti 160 iliyotoka mwaka 2009. Kuna mtu hapa Lubumbashi anauza yake ya okazioni, iliyokwisha tumika, nikataka kujua kwanza watu walisema nini wakati inatoka, nikausoma ule uchambuzi wote, nikafurahi, nikamtumia yaya. Jibu lake: "Sasa mdogo wangu, hata huyu mzungu anakuambia usinunue, we unanunua nini?"

Nilirudi kuusoma tena polepole, nikabaki palepale. Yule mchambuzi anaeleza vizuri sana lile gurudumu la kuzungusha kwa kidole, kwamba mtu anafika kwenye wimbo wowote bila hata kuangalia, anasema sauti ni safi, nyimbo 40,000 zinaingia kama kampuni ilivyosema, na batri inakwenda karibu na yale masaa 36 ya muziki waliyoahidi. Hayo yote ni nusu kubwa ya maandishi yake. Ndipo anaanza kulalamika: haina waifai, skrini yake si ya kugusa, na ukilinganisha na ile ya 2008 hawakuongeza kitu cha maana zaidi ya nafasi kutoka gigabaiti 120 kufika 160. Mwishoni anawashauri wasomaji wake waende kwa iPod touch, ile ya skrini ya kugusa na waifai.

Hapo kwenye ule mwisho ndipo yaya amesimama na hatoki. Kwake mchambuzi akishamaliza kwa kusema chukua kingine, basi ameponda, na huwezi kukata vipande unavyovipenda ukaviita sifa. Ana nguvu ile hoja, siwezi kudanganya.

Lakini tuangalie ni kasoro gani zile. Haina waifai. Sasa waifai nitaifanyia nini mimi? Huku kusikiliza muziki wa intaneti ni kununua mega za mtandao, na mega zinaisha kabla ya albamu, na umeme ukikatika jioni simu ndiyo taa, ndiyo kila kitu, huwezi kuimaliza kwa muziki. Chombo kinachocheza nyimbo tu, kisichoomba mtandao, kinachokaa masaa 36, kwa mtu wa Paris labda kimepitwa, kwa mtu wa Katuba ni jibu. Yule mchambuzi hakuwa anatuandikia sisi na simlaumu, ila mi namchukua kama shahidi, simchukui kama hakimu. Alichokiona kwa macho yake nakiamini, hukumu nitatoa mwenyewe.

Na kuna kaseti za baba. Hili ndilo linalonifanya nisiache ubishi. Baba alirekodi miaka mingi, rumba ya Franco na Tabu Ley, gitaa la Mwenda Jean Bosco, muziki wa karindula wa watu wa kartie, yaani mtaa wetu, ambao majina yao hayajaandikwa popote, kwaya za parokia. Hizo za mwisho huzipati kwenye mtandao hata ukiwa na mega za mwaka mzima. Naziingiza kwenye kompyuta moja moja, na kaseti haina haraka, ya saa moja inachukua saa moja, lazima uikalie. Ukiihifadhi kwa MP3 ya kilobiti 128 saa moja inakula karibu megabaiti 58 tu, kwa hiyo kwenye gigabaiti 160 zinaenea zaidi ya saa 2,700, baba hana kaseti za kujaza hapo. Mchambuzi anasema nafasi ni kubwa kuliko watu wengi wanavyohitaji. Yaya anasoma hapo dharau. Mi nasoma hapo kaseti zote za baba mfukoni mwake.

Nilimkumbusha yaya pia ile hadithi ya iPod ya kwanza kabisa, ya Oktoba 2001, gigabaiti 5, dola 399. Rob Malda wa Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, aliitupa kwa maneno machache, kwamba haiunganiki bila waya na nafasi yake ni ndogo kuliko ya Nomad, chombo kingine cha muziki cha wakati ule. Na kweli, Nomad Jukebox ya Creative ilikuwa na gigabaiti 6. Kila alichohesabu kilikuwa sawa, na watu waliinunua mamilioni. Yaya akacheka akasema, "Si umeona? Aliponda, na imebaki kuponda hata kama dunia nzima ilinunua." Ni kweli Malda aliponda, hakuna anayebisha, ila yeye hakusema hata neno moja kwamba kile chombo kinafanya kazi yake vizuri. Huyu wetu amesema, tena kwa kirefu, na mtu haandiki kirefu hivyo juu ya gurudumu ambalo halikumpendeza.

Kitu ninachomkubalia yaya bila shida ni hofu yake juu ya kile chombo chenyewe. Ndani kuna diski inayozunguka, ikianguka vibaya imekwisha, batri ina miaka mingi, Apple waliacha kuiuza 2014, na kuingiza nyimbo kwa kawaida unahitaji iTunes au programu nyingine ya Apple kwenye kompyuta. Hayo ni maswali ya kumuuliza muuzaji, hayabadilishi kilichoandikwa 2009. Jumamosi tunaenda wote wawili, nitabeba ekuteri zangu za masikioni, tutaiacha icheze tukiwa tunaongea bei, na yaya ataishika sikioni asikie kama diski inakwaruza. Amekubali kuja, lakini amesema anakuja kwa ajili ya diski tu, kuhusu ule uchambuzi bado naongopa.