Kura ya vigae

Jana nipo zangu Mwaloni Kirumba nachagua dagaa, akina mama wa kikoba wanabishana mwenzao atimuliwe leo leo maana mkopo harejeshi na simu hapokei. Mi nikawaambia Athens ya Ugiriki zamani kulikuwa na ostrakismos, yaani kura ya kumtimua mtu mjini, neno limetoka kwa ostrakon yaani kigae cha chungu, coz wananchi walikuwa wanakwangua jina la mtu kwenye kigae, akiongoza anapewa siku 10 afungashe anakaa nje miaka 10, ila mali zake haziguswi (ustaarabu huo jamani). Hata Themistocles, kamanda wao aliyewapigania vita vya baharini vya Salamis dhidi ya Waajemi mwaka 480 KK, walimtoa hivyo hivyo! Mama mmoja akaniangalia weee, "sasa mwanangu hiyo miaka 10 rejesho anatoa nani?"