Bin Neil, Neil yupi?

Meli kutoka Oban ilichukua karibu saa tano kufika Castlebay, kisiwani Barra, magharibi ya Uskoti. Baba mkwe alikaa sitahani njia nzima, kofia kaivuta hadi masikioni, mfukoni ana karatasi ya nasaba iliyoandikwa na babake. Yeye ni MacNeil. "Mac" kwa Kigaeli, lugha ya kale ya huko, ni kama "bin" yetu, na Neil wa kwenye karatasi ni Niall wa Mateka Tisa, mfalme wa kale wa Ireland.

Ngome ya akina MacNeil, Kisimul, iko juu ya mwamba katikati ya ghuba, maji pande zote. Tuliikuta imefungwa, tukaishia kuitazama kutoka gatini. Inasimuliwa kuwa zamani chifu akishakula, mpiga baragumu hupanda juu na kutangaza: MacNeil ameshiba, wafalme wengine sasa ruksa kula. Maringo hayo! Baadaye madeni yakawashinda, kisiwa kikaenda kwa tajiri mmoja, Gordon wa Cluny, na mwaka 1851 watu wakapakiwa melini kwa nguvu kupelekwa Kanada. Mwaka 1937 ndipo chifu mmoja, msanifu majengo kutoka Marekani, akainunua tena ngome.

Kesho yake tulipanda basi hadi Cille Bharra, makaburi ya kaskazini. Ndani ya kikanisa kuna nakala ya jiwe lililookotwa hapo mwaka 1865. Lenyewe liko Edinburgh. Upande mmoja msalaba, upande wa pili herufi za Wanorwe wa kale: msalaba umesimamishwa kwa ajili ya Thorgerd, binti Steinar.

Hapo baba mkwe akanyamaza. Alikuwa anajua kuwa vipimo vya DNA vya wanaume wa ukoo wa Barra vimeelekeza Skandinavia, kwa hao Wanorwe, si Ireland. Ila kujua ni kimoja, na kulipapasa jiwe ni kingine.

Nikamsimulia habari za bibi yangu wa Tanga, tuliyekuwa tukimcheka akisema sisi Washirazi, watu wa asili ya Uajemi. Mwaka 2023 mifupa ya kale ya Mtwapa, Manda na Kilwa ilipopimwa, damu ya Uajemi ikaonekana kweli, hasa upande wa kiumeni.

"Kumbe bibi yako kashinda," akasema, "na baba yangu kashindwa."

"Bado hajashindwa, Baba. Mama zao je? Kipimo kile kinafuata wanaume tu."

Akacheka, akaikunja karatasi bila kuandika kitu. Basi lilikuwa linakuja, na upepo ule haukutaka mtu asimame.