Jinsi nilivyopinga bili ya hospitali ya shangazi, Kisumu

Shangazi aliporuhusiwa kwenda nyumbani, hospitali ya kibinafsi ilitupa bili yenye mstari mmoja: dawa na vifaa, shilingi 38,400. Mlinzi akaagizwa asimruhusu kutoka.

Nilimwambia keshia, "Dada, naomba mchanganuo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata maelezo ya huduma." Akautoa. Kazi yenyewe iko hapa: niliulinganisha na karatasi ya matibabu ya wodini, mstari kwa mstari. Antibiotiki tuliyojinunulia kwenye duka la dawa la nje ilikuwa imetozwa tena, na risiti tulikuwa nayo (tunzeni kila risiti, hata ya glavu). Dripu zilitozwa tano; muuguzi alikuwa ametia sahihi tatu.

Nikamwandikia msimamizi barua, nikaambatanisha nakala, nikataja kwamba hatua inayofuata ni malalamiko kwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari. Nikamkumbusha pia kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili kulivunja Katiba. Hili linaniuma sana, kwani wengi huzuiliwa wakidhani ndiyo sheria.

Bili ikarekebishwa: shilingi 24,900. Tukalipa, tukachukua risiti na karatasi ya kuruhusiwa.