Nilivyotumia simu kuchagua mbegu safi za muhogo

Muhogo hupandwa kwa pingili za shina, na hapo ndipo taabu yetu wakulima wadogo wa Mkuranga inapoanzia, kwa kuwa shina lenye virusi huingiza ugonjwa katika shamba la msimu unaofuata, na kutoka hapo ugonjwa huhamia kwa jirani aliyekuja kuomba mbegu. Ugonjwa wa batobato hujionyesha mapema, majani yakijikunja na kuingia mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa virusi ulioelezwa kitaalamu mwaka 1936 katika Tanganyika ya wakati huo, inaogopesha zaidi, maana mmea unaweza kusimama umestawi huku mihogo imeoza ndani na haifai kuliwa wala kuuzwa.

Afisa ugani wetu anahudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo nilipakua Nuru, programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kuelekeza kamera kwenye majani, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Inatumia Kiswahili na, ukishaipakua, haihitaji bando shambani, kwani jibu hutoka ndani ya simu yenyewe. Kwetu, ambako mtandao hukatika mara kwa mara, sifa hiyo naithamini kuliko nyingine zote.

Mihogo ilipofikisha miezi mitatu hivi, nilipita mstari kwa mstari nikipima majani kadhaa ya kila shina, kwa sababu jani moja halitoshi kutoa hukumu. Kwa michirizi ya kahawia nilielekeza kamera kwenye majani ya chini yaliyokomaa, ambako dalili zake huonekana zaidi. Mashina yaliyobainika kuugua niliyang'oa na kuyatoa shambani, na yale mazima niliyafunga vitambaa ili yawe chanzo cha mbegu. Nawasihi wakulima wenzangu wasiishie hapo, kwa kuwa kamera haioni chini ya udongo: wakati wa kuvuna nilikata mihogo ya kila shina lenye kitambaa, na palipokuwa na alama ya kahawia ndani, shina hilo sikulitoa mbegu hata kama simu ilikuwa imelipitisha.

Shamba lililofuata lilikuwa na mimea michache zaidi yenye ugonjwa, na mavuno mengi yalifaa kwenda sokoni. Hata hivyo nzi weupe, ambao hueneza virusi hivi, hawajui mpaka wa shamba, kwa hiyo usafi wa mkulima mmoja haudumu akiwa peke yake. Msimu huu tumekubaliana kupima mashamba yote yanayopakana kabla ya mtu yeyote kugawa pingili. Simu tumeikabidhi kwa mama anayesimamia kikundi chetu, kwa sababu palizi, ambayo ndiyo nafasi nzuri ya kuziona dalili, hapa kwetu hufanywa zaidi na wanawake.