Ritifaa ya ng' kwenye kibodi: ninavyoiandika

Ukiandika "ng'ombe" ikatoka "ngómbe", kibodi haijaharibika. Windows imewekwa kwenye mpangilio wa US International, ambao huizuia ritifaa hadi ubonyeze herufi inayofuata; ikiwa ni irabu, huipachika juu yake. Ukiwa na haraka, bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, ndipo uandike irabu. Lakini mimi huuacha kabisa mpangilio huo. Ongeza US wa kawaida kwenye mipangilio ya lugha, kisha uhamie huko kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi.

Kasoro inayonikera zaidi huchelewa kuonekana. Kwa Unicode, yaani namba ambayo kompyuta huipa kila alama, ritifaa iliyonyooka ni U+0027, iliyopinda ni U+2019, na ile alama iliyo chini ya Esc, ambayo wengi huibonyeza wakidhani ni ritifaa, ni U+0060. Kwa macho zinakaribiana, ila zikishaingia zote tatu kwenye orodha ya maneno, "ng'oa" moja huhesabiwa kuwa maneno matatu. Kutambua iliyopo, ndani ya Word weka kishale mara tu baada yake ubonyeze Alt na X: utaona ng2019 au ng0060. Bonyeza tena, itarudi ilivyokuwa.

Kwenye orodha na data natumia iliyonyooka tu; kwenye kitabu, iliyopinda. Word hupinda yenyewe. Kuizuia, fungua File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, halafu AutoFormat As You Type, uondoe tiki ya smart quotes. Kisha tafuta ' na ubadilishe kwa ' hiyo hiyo: zote zilizopinda zitanyooka. Ya chini ya Esc itafutiwe peke yake.

Washairi wana shida yao. Ukikata silabi mwanzoni, kama 'mekuja, Word huigeuza ritifaa ikawa ya kufungua usemi. Bonyeza Ctrl na ', achia, kisha ' tena, itakaa sawa.

Alama za usemi zilizopinda ni Alt+0147 kufungua na Alt+0148 kufunga, kwa namba za upande wa kulia, Num Lock ikiwa imewashwa. Namba za juu hazifanyi kazi. Kwenye Mac ni Option na [ kufungua, ukiongeza Shift kufunga. Ritifaa iliyopinda huko ni Option, Shift na ].